Gari la Kifahari na Vumbi la Meru

Wiki hii tumepokea barua ya mama mmoja mkazi wa Njiro, Arusha, ambaye ameomba tusilitaje jina lake, na sababu ya ombi hilo msomaji ataielewa upesi. Mwaka mmoja na nusu uliopita mumewe alinunua gari la kifahari la Kijerumani, lililotumika kwanza huko Japani kabla ya kupakiwa melini kuja kwetu. Viti vyake ni vya ngozi, na dashibodi yake ina kioo kinachomweleza dereva mambo mengi, pamoja na kilomita zilizobaki kabla ya sevisi ijayo. Tangu gari hilo liingie uani, oili yake haijabadilishwa hata mara moja. Baba mwenye nyumba anasema kioo kinaonyesha bado kilomita 9,000, na kwamba waliolitengeneza wanalijua kuliko mtu yeyote wa Arusha. Fundi wao wa Kijenge anasema kila kilomita 3,000 oili imwagwe. Mama mwenyewe, ambaye ndiye anayelipeleka gari shuleni na sokoni kila siku, anasema siku hizi injini inapowashwa asubuhi hutoa mlio ambao zamani haikuwa nao. Anauliza: “Mume wangu nampenda na fundi namheshimu, lakini ada ya watoto wanne inatoka katika mfuko huo huo unaolihudumia gari. Nimwamini nani?”

Nitatoa jibu kwanza, kisha maelezo yafuate. Oili ya gari hilo ibadilishwe wiki hii pamoja na chujio lake, hata kama kioo kinasema vingine. Baada ya hapo ibadilishwe kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, kutegemea kipi kitatangulia. Na kwa matumizi ya mama huyu, miezi ndiyo itakayotangulia daima. Gari nalo lilale kwa fundi usiku mmoja, ili mlio ule ausikie mwenyewe alfajiri injini ikiwa ya baridi, maana saa nne za mchana utakuwa umekwisha kujificha.

Sasa tuitazame hoja ya baba, kwa kuwa haikutoka hewani. Ni kweli kwamba watengenezaji wa magari ya kifahari wa Ulaya wamerefusha sana muda kati ya sevisi moja na nyingine. Huko kwao yapo magari yanayoruhusiwa kwenda kilomita 25,000, na mengine hadi 30,000 au miaka miwili, bila kubadilishiwa oili. Ruhusa hiyo imefungwa na masharti. Oili iwe ya daraja maalumu ambalo mtengenezaji amelitaja kwa namba, mafuta ya kuendeshea yawe safi, hewa isiwe na vumbi, na gari lisafiri masafa marefu barabara kuu, ambako injini hupata moto wake sawasawa na kubaki nao. Nacho kitabu kinachokaa ndani ya saraka ya gari, kile ambacho wengi wetu hatukifungui mpaka taa nyekundu iwake, kwa kawaida huwa na ukurasa mwingine unaozungumzia matumizi katika hali ngumu. Humo hutajwa vumbi, safari fupi fupi, mwendo wa kusimama na kuondoka, milima, joto kali na kuvuta trela. Anayetumia gari katika hali hizo huambiwa apunguze muda wa sevisi, na mara nyingi apunguze kwa nusu. Mkazi wa Arusha akiusoma ukurasa huo kwa makini ataona kwamba, ukiondoa trela, ameelezwa yeye.

Aidha, kioo cha dashibodi hakina macho. Kompyuta ya gari huhesabu kilomita, mara ambazo injini imewashwa, na joto lake. Lakini haijui ni vumbi kiasi gani limepita katika chujio lililochanika, wala haijui mafuta yametoka kituo gani. Fundi mvivu anaweza kuifuta taa ya sevisi kwa kubonyeza vitufe viwili vitatu bila kumwaga hata tone la oili. Kwa gari lililonunuliwa mkono wa pili, ambalo mwenyewe wa kwanza hatumjui na kilomita zake huenda zilirudishwa nyuma njiani, hesabu ya kioo ni habari ya kusikia tu. Magari mengi ya kutoka Japani huja na kikaratasi kilichobandikwa mlangoni au chini ya boneti, chenye maandishi ya Kijapani na tarakimu. Usikibandue. Mara nyingi tarakimu hizo ni tarehe na kilomita za sevisi ya mwisho au ile inayofuata, na ndizo kumbukumbu pekee utakazozipata za maisha ya gari kabla halijawa lako. Ukikuta zimezidi kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi kwa kiasi ambacho sevisi moja haiwezi kukieleza, muulize maswali aliyekuuzia.

Kuna watakaosema kwamba Arusha si mji wa joto, na kwamba mashauri ya nchi za joto yapelekwe Dar es Salaam na Tanga. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai watu huvaa makoti asubuhi. Hilo sikatai, na ni moja ya shida za gari la mama wa Njiro. Injini inapowashwa ikiwa ya baridi, petroli kidogo isiyoungua huteremka ndani ya oili, na mvuke wa maji hugeuka umande ndani ya chuma. Injini ikipata moto kamili kwa nusu saa au zaidi, maji hayo huchemka yakaondoka. Safari ya Njiro hadi shuleni haifiki nusu saa ya moto kamili; mama anawashusha watoto, anazima, anaingia dukani, anawasha tena. Kwa hiyo maji yanabaki, oili inachakaa, na ukifungua kifuniko chake unaweza kukuta utando mzito wa rangi ya maziwa ya chai. Ukiukuta huku maji ya rejeta nayo yanapungua, usiliendeshe gari hilo hata kwenda gereji. Mwite fundi aje, kwa kuwa huenda maji ya rejeta yanavuja kuingia katika oili.

Hebu tupige hesabu, kwa kuwa ndiyo itakayomaliza ugomvi wa nyumba ile kuliko maneno yangu. Tuseme kutoka nyumbani hadi shuleni ni kilomita 6, na mama huenda na kurudi asubuhi na alasiri. Hizo ni kilomita 24 kwa siku, yaani kiasi cha 500 kwa mwezi na 6,000 kwa mwaka, tukichukulia kwamba wakati wa likizo safari za sokoni na kanisani hujaza nafasi ya shule. Kwa foleni ya asubuhi, mwendo wa wastani wa kilomita 15 kwa saa si wa kubuni. Gawanya 6,000 kwa 15, utapata saa 400 ambazo injini imenguruma. Gari lingine likitumia saa hizo hizo 400 kwenye barabara kuu, kwa wastani wa kilomita 65 kwa saa, litakuwa limekwenda kilomita 26,000, ambazo ni sawa na kwenda Dar es Salaam na kurudi Arusha mara 20. Oili za magari hayo mawili zimefanya kazi kwa muda ule ule, na ya mama imefanya katika hali mbaya zaidi. Lakini kwenye kioo moja linaonekana limetembea na jingine kama limelala uani.

Kwa hesabu hiyo hiyo, miezi sita ya mama ni kilomita 3,000, na fundi wa Kijenge atasema si niliwaambia! Na aseme, kwa gari hili amepatia. Ila tarakimu yake ameirithi kutoka enzi nyingine, wakati oili zilikuwa za kawaida tu na dizeli yetu ilikuwa na salfa nyingi, ambayo ikiungua huzaa tindikali inayoila injini. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana juu ya dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni, na oili za viwandani nazo zimeboreshwa. Mwenye gari linalokwenda Moshi, Babati au Namanga kila wiki kwa barabara ya lami, anayetumia oili halisi ya daraja lililoandikwa kitabuni, anaweza kufika kilomita 10,000 au mwaka mmoja bila wasiwasi. Kumwambia huyo amwage oili kila kilomita 3,000 ni kumpotezea fedha. Wala weusi wa oili usimtishe: oili ya dizeli hugeuka nyeusi muda mfupi tu baada ya kuwekwa, kwa sababu inafanya kazi yake ya kubeba masizi. Na niseme jambo ambalo gereji zetu hazipendi kulisikia. Oili iliyomwagwa huenda wapi? Ile inayotupwa mtaroni hufika Mto Themi na Naura, na wako watu huko bondeni wanaomwagilia mboga kwa maji hayo, mboga ambazo Jumamosi tunazinunua sokoni Kilombero. Muulize fundi wako pipa lake liko wapi.

Tuje kwenye vumbi, ambalo kwa maoni yangu ndilo adui mkubwa wa gari katika mkoa huu, kuliko hata joto. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ni volkano ambayo mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Ol Doinyo Lengai ulitema majivu tena mwaka 2007 na 2008. Udongo wa Kisongo, Monduli na Oldonyo Sambu kwa sehemu kubwa umetokana na milima ya namna hiyo, na wakati wa kiangazi huinuka kama unga. Unga huo ukitazamwa kwa darubini una chembe kali kama vigae vya chupa. Chembe zikipenya chujio la hewa huingia katika silinda, kutoka hapo huteremka katika oili, na oili ile iliyowekwa kulainisha huanza kusaga.

Wanaolijua jambo hili kuliko sisi sote ni madereva wa utalii. Magari mengi yanayopeleka wageni Ngorongoro na Serengeti huingizwa gereji kila yanaporudi mjini, hata kama safari ilikuwa ya siku nne tu. Chujio la hewa linatolewa na kusafishwa, grisi inatiwa, na boliti zilizolegezwa na barabara ya changarawe zinakazwa. Hawangoji kilomita zitimie. Mwenye gari la kifahari anayepeleka familia mbugani mara moja kwa mwaka aige mfano huo kwa mara hiyo moja. Kwa siku za kawaida, chujio litazamwe kila oili inapobadilishwa, na libadilishwe mapema, pengine kilomita 20,000 badala ya zile 40,000 zinazotajwa mara nyingi vitabuni. Kulipiga kwenye tairi ni kulipasua. Kulipuliza kwa kompresa kutoka nje kwenda ndani ni kulisukuma vumbi mahali lilipokuwa halijafika. Lipulizwe kutoka ndani kwenda nje, kwa upepo mdogo, kisha litazamwe juani kama lina tundu. Liko pia chujio dogo la hewa ya abiria, aghalabu nyuma ya saraka, ambalo wengi hawajui kama lipo. Mtoto anayekohoa kila akipanda gari la baba huenda anavuta vumbi la Monduli la mwaka juzi.

Rejeta nayo ina kisa chake hapa kwetu. Maji hayachemki mahali pote kwa joto moja: pwani huchemka kwa nyuzi 100, Arusha mjini kwa kiasi cha 95, na ukiwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, karibu mita 2,300 juu, kwa kiasi cha 92. Injini za kisasa hufanya kazi kwa joto la nyuzi 90 hadi 105. Kinachozuia maji yasichemke ni mambo mawili: kile kifuniko cha rejeta kinachobana mgandamizo ndani, na dawa ya kupozea inayochanganywa na maji, kwa kawaida nusu kwa nusu. Kifuniko kikilegea mpira wake, gari ambalo halijawahi kusumbua mjini litachemka mlimani, na mwenyewe atailaumu injini. Kipimwe kila mwaka; ni kitu cha bei ndogo. Ama kuhusu maji, sote tunajua kwamba maji ya vijiji vingi vinavyouzunguka Meru yana floridi nyingi, kiasi cha kutia meno ya watoto rangi ya kahawia. Sidai kwamba floridi ndiyo inayotoboa rejeta. Nasema maji yenye chumvi na madini, yawe ya bomba au ya kisima, huacha utando ndani ya mishipa myembamba ya rejeta na kula alumini polepole. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yale ya betri, pamoja na dawa ambayo kitabu kimeitaja, kwa kuwa rangi zinazofanana si ushahidi kwamba dawa ni moja.

Katika petroli na dizeli, mambo yametengemaa kuliko zamani. Hadi kufikia mwaka 2010 na 2011, kabla EWURA haijaanza kutia alama katika mafuta na kabla kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa, kuchanganya mafuta ya taa na dizeli ilikuwa biashara. Hata hivyo maji katika tangi la kituo hayaangalii sheria. Taa ya chujio la dizeli ikiwaka, fundi amwage maji siku hiyo hiyo, kwa kuwa sindano za injini mpya hazivumilii tone.

Kuna oili nyingine ambayo watu wameaminishwa kuwa haibadilishwi kamwe, nayo ni ya giaboksi ya otomatiki. Watengenezaji kadhaa wa magari ya kifahari huandika kwamba oili hiyo ni ya maisha yote ya gari. Maisha ya nani? Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo giaboksi zake zimo katika magari mengi ya BMW, Jaguar na Range Rover, yenyewe inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka minane. Mwenye gari wa kwanza huko Ulaya hulitumia miaka mitatu minne akauza, kwa hiyo kwake maneno hayo yana ukweli. Sisi tunalipokea gari likiwa na miaka minane au kumi, tunalipandisha na kulishusha milimani kwa joto, halafu giaboksi ikianza kugonga tunaambiwa inunuliwe nyingine. Bei yake mara nyingi ni kubwa kuliko ada ya watoto wale wanne kwa mwaka mzima. Ukilinunua gari kama hilo, fanya kama vile halijawahi kuhudumiwa: badilisha oili zote, maji ya rejeta, mafuta ya breki na machujio yote, kisha anza kuhesabu kuanzia siku hiyo katika daftari lako mwenyewe. Na kama injini ina mkanda wa mpira ndani, ambao kwa nyingi hubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000, na hujui historia yake, mkanda huo usiuamini hata kidogo.

Nimeyaacha mafuta ya breki mwisho kwa makusudi, kwa kuwa mengine yote yakipuuzwa hugharimu fedha, na haya hugharimu watu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limeegeshwa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 155. Mteremko wa kutoka Karatu kuingia Mto wa Mbu, gari likiwa limejaa watoto na mizigo na dereva akikanyaga breki kona baada ya kona, unaweza kuyapasha moto hadi hapo. Yakichemka huwa mapovu, na pedali inazama sakafuni bila kukamata kitu. Yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama gari halikutembea. Fundi mwenye kipimo kidogo cha umeme ataweza kukuonyesha unyevu wake katika dakika moja.

Wiki chache zijazo wengi wataanza kufikiria safari za Desemba, za kwenda Moshi, Rombo, Babati na Singida. Fundi wa Kijenge akiliinua gari la mama wa Njiro kumwaga oili, apime na hayo mafuta ya breki, aguse betri ambayo joto la chini ya boneti huifupishia maisha, kisha asome tarakimu nne za mwisho za herufi DOT ubavuni mwa kila tairi. Tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama liliuzwa jana na meno yake bado ni marefu. Enzi ya kiwanda cha General Tyre hapa Arusha tulikuwa tukinunua tairi likiwa bado linanukia kiwanda. Leo mengi husafiri na kukaa ghalani kwanza. Lililozidi miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na la miaka kumi litolewe, likafungiwe bembea ya watoto.